Penseli au Blender? Njia za kuchora na kuunda wanyama ukiwa Lindi au Mtwara

Swali hili huja kwa sura tofauti tofauti. Kuna kijana wa Mikindani aliyejaza daftari la jiografia michoro ya kasa na kenge, sasa kapata vihela vya korosho na hajui anunue kibao cha kuchorea au kompyuta ya mtumba. Kuna mwalimu wa baiolojia Lindi mjini anayetaka mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, wa kuwaonyesha wanafunzi, hajui amwone mchora mabango au mtu wa kompyuta. Na kuna mchonga vinyago wa Newala aliyeona kwenye simu mtu akichonga tembo kwa kipanya, naye anauliza kama mkono uliozoea patasi utafaa kitu huko.

Wengi wakijibu hukimbilia bei na nguvu za mashine. Bei ina uzito wake na tutaifikia. Lakini tofauti iliyo kubwa kuliko zote, kwa jinsi ninavyoona, ni hii: karatasi inakuruhusu kuficha usichokijua kuhusu mnyama, modeli ya kompyuta (umbo la 3D unaloweza kulizungusha pande zote, linalojengwa kwa programu kama Blender) haikuruhusu. Kwa kazi fulani ruhusa hiyo ni baraka, kwa nyingine ni balaa. Kwa hiyo naanza na wanyama, vifaa vitafuata.

Mjusi wa Tendaguru

Tendaguru ni kilima kilichopo kilomita kama 60 kaskazini-magharibi mwa Lindi mjini. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani, ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, ulichimbua hapo mifupa ya dinosaria walioishi takribani miaka milioni 150 iliyopita. Majembe, usafishaji wa mifupa na upagazi ulikuwa wa watu wa huku huku, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani, na mizigo ilikwenda kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Aliye mkubwa kuliko wote, Giraffatitan brancai, amesimama kwenye makumbusho ya Museum für Naturkunde mjini Berlin tangu 1937, kimo chake mita 13.27. Jina linamfananisha na twiga, mnyama ambaye porini kusini mwa Rufiji hayupo, kwa hiyo wengi wetu twiga na mjusi wote tunawajua kwa picha.

Mchore kwa penseli kwanza. Chukua A4 mbili, zisimamishe wima uziunganishe ubavu kwa ubavu ili mkia nao uenee, tumia skeli ya 1:50, yaani sentimita moja ya karatasi ni nusu mita ya mnyama. Kimo kinakuwa sentimita 26.5 na kinaingia bila taabu. Mfupa wa juu wa mguu wa mbele, ambao kwa mnyama mwenyewe ni mita 2.13, unakuwa sentimita 4 na milimita 3 hivi. Mfupa huo ni mrefu kuliko wa paja, na hapo ndipo mgongo unapopata mteremko wake kutoka mabegani kwenda mkiani. Ukiwa na picha nzuri ya kiunzi iliyopigwa ubavuni, rula, na jioni moja isiyo na wageni, unapata mjusi ambaye mwalimu anaweza kumbandika ukutani bila aibu.

Sasa uulize mchoro huo: kifua kina upana gani? Mkia ni mnene kiasi gani pale unapoanzia? Haukujibu, kwa sababu mchoro wa ubavuni haukulazimika kujua. Na si jambo dogo. Mwaka 1962 mtaalamu wa visukuku Edwin Colbert alikadiria uzito wa mjusi huyu kwa kupima kisanamu chake ndani ya mchanga, akapata tani 78. Miaka ya tisini timu ya Hanns-Christian Gunga ikasema 74. Mwaka 2008 Gunga na wenzake wakarudia kazi kwa modeli mpya, wakashuka hadi 38. Mwaka uliofuata Michael Taylor akapata 23. Mifupa ni ile ile, iko ndani ya jengo lile lile. Kilichobadilika ni unene wa nyama ambayo kila mmoja aliifunga kwenye mwili wa mnyama, na kiasi cha hewa alichokiacha ndani.

Modeli hukubana hapo hapo. Unapoweka umbo la kwanza la kifua ndani ya Blender lazima useme lina upana gani, maana ukimzungusha mnyama kidogo tu uongo unaonekana. Ukimnenepesha kwa asilimia 10 kwenda pembeni na asilimia 10 kwenda juu na chini, urefu ukiuacha ulivyo, ujazo wake unapanda kwa asilimia 21. Blender ina programu jalizi iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa kuchapa 3D, na hiyo hukupa ujazo kwa kubofya mara moja. Ukiwa umejenga kwa vipimo halisi vya mita, zidisha mita za ujazo kwa 0.8, unapata tani. Hiyo 0.8 ndiyo aliyotumia Taylor, kwa kuwa shingo na kiwiliwili cha wanyama hawa vilikuwa na mifuko ya hewa, kama walivyo ndege. Mwanafunzi wa sekondari anaiweza hesabu hiyo, na mwalimu hapo anapata kipindi cha hisabati na cha baiolojia kwa mpigo mmoja.

Kwa hiyo kwa Giraffatitan ushauri wangu uko wazi: kama unataka picha ya ukutani, penseli inatosha. Kama unataka kumwelewa, jenga modeli, hata iwe mbaya.

Kuna mahali ambapo vyombo vyote viwili hukosea sawa, napo ni nyama laini isiyogeuka kisukuku. Michoro ya zamani humweka mjusi huyu ndani ya maji hadi shingoni, pua zikiwa juu ya utosi, kwa sababu tundu la pua kwenye fuvu liko juu kweli. Mwaka 1951 mtafiti Kermack alionyesha kuwa kwenye kina hicho shinikizo la maji lisingemwacha avute pumzi. Na mwaka 2001 Larry Witmer, baada ya kulinganisha na wanyama walio hai, akaonyesha kuwa pua yenyewe ya nyama yaelekea ilikuwa mbele, karibu na mdomo. Hapo kompyuta ya bei mbaya haikusaidii. Soma kwanza, ndipo uchore.

Kentrosaurus, na wale wasio na mwili

Kentrosaurus naye ni wa Tendaguru: urefu mita 4 na nusu hivi, vibamba mgongoni upande wa mbele, kisha miiba kuelekea nyuma na mkiani. Kwa skeli ya 1:20 anakuwa sentimita 22.5, A4 iliyolazwa inamtosha. Kwa penseli mnyama huyu ni zawadi, maana hata mtoto aliyekaa dawati la mwisho atamjua kwa kivuli chake tu.

Shida iko kwenye mwiba mkubwa wa ubavuni. Kwa miaka mingi kiunzi cha Berlin kiliuweka nyongani, siku hizi unawekwa begani. Kwenye mchoro wa ubavuni mwiba huo ni mstari mmoja unaokatiza mwili, na hakuna anayekuuliza umechomoza kwenda nje kwa pembe gani. Kwenye modeli utaulizwa, tena na mnyama mwenyewe, kwa sababu mwiba uliokaa vibaya utamchoma kiwiko akitembea. Heinrich Mallison alifanya kazi ya namna hii kwa makini kuliko wengi. Alimjenga Kentrosaurus wa Berlin ndani ya kompyuta, akapinda kiungo kimoja kimoja kuona kinafika wapi, na mwaka 2011 akachapisha hesabu za jinsi mkia ule wenye miiba ulivyoweza kupigwa kumjeruhi adui. Maswali ya mnyama alisogeaje, alijikunja hadi wapi, aliweza kufika nyuma yake au la, hayo ni ya modeli. Penseli inaweza kuyapamba tu.

Lakini kuna dinosaria wa Lindi ambao ningekusihi usiwaguse kwa Blender. Wamweracaudia keranjei alipewa jina mwaka 2019, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje, mmoja wa wasimamizi wa uchimbaji ule wa zamani. Kilichopo ni pingili za mkia. Australodocus bohetii, aliyepewa jina la Boheti mwaka 2007, anajulikana kwa pingili mbili za shingo. Kwa karatasi unaweza kuwa mkweli kirahisi: pingili zilizopatikana unazichora kwa mstari mzito, mwili uliobaki kwa nukta nukta, na kila anayetazama anaelewa ni kipi kimeonwa na kipi kimekisiwa. Kwenye kompyuta kishawishi ni kikubwa. Una mjusi mmoja wa shingo ndefu uliyemmaliza mwezi uliopita, unamvuta shingo, unampunguza mkia, unabadilisha rangi, unambatiza jina jipya. Ndivyo mijusi mingi ya mtandaoni inavyozaliwa. Ukishikilia kumfanya Wamweracaudia kwa 3D, basi mpe mkia rangi ya mfupa na sehemu nyingine yote kijivu kitupu, uiache hivyo hivyo.

(Na ukimwomba akili mnemba akuchoree Kentrosaurus, mara nyingi atakuletea Stegosaurus wa Marekani aliyeongezwa miiba. Usimpe mwalimu picha hiyo.)

Elaphrosaurus, yule mwembamba wa miguu mirefu, fuvu lake halijapatikana. Kichwa chochote utakachomwekea ni cha kuazima kwa ndugu zake, kwa mfano Limusaurus wa China. Miguu, kwa bahati, unayo nyumbani. Mtazame kuku wa kienyeji akitembea: goti limefichwa kwenye manyoya, na kile ambacho watu hudhani ni goti lililopinda kinyumenyume ni kifundo cha mguu. Chora kuku kumi wanaotembea kabla hujamgusa Elaphrosaurus. Usichore kenge. Kenge hutanua miguu kando, dinosaria aliisimamisha chini ya mwili, na kosa la kumchora dinosaria kwa kumwangalia kenge linaonekana hata kwenye mabango ya watu wanaolipwa vizuri.

Walio hai

Hapa mizani inalalia upande wa karatasi, tena kwa mbali. Tumbili hasubiri Blender ifunguke. Mbuzi anayekatiza barabara Lindi mjini anakupa sekunde chache za mgongo, shingo na mkia, halafu kaingia uani kwa watu. Penseli butu na daftari la bei ndogo vinatosha kuiba mistari mitatu: wa uti wa mgongo, wa bega kwenda kwato ya mbele, wa nyonga kwenda ya nyuma. Ukiipata mistari hiyo, mengine utayajaza nyumbani. Ufutio uache nyumbani pia. Aliyeshika ufutio hutazama karatasi, na mnyama yuko upande wa pili.

Chukua pweza, kwa kuwa pwani yetu yote inamjua. Ukimkuta mezani kwenye soko la samaki ameshapauka na mikono imelegea, na ukimchora hivyo umechora kitoweo. Nenda wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa, ufuatane na wanaotafuta pweza miambani, ila usiwaharibie kazi. Aliye hai hubadilika rangi kufumba na kufumbua, na ngozi laini inaota vinundu mpaka anafanana na jiwe alilokalia. Mtazame jicho: mboni ni ufa uliolala mlalo, na hubaki mlalo hata mwili ukiinama. Chini ya kila mkono kuna safu mbili za vikombe vya kung'ang'ania, vikubwa karibu na mdomo, vikipungua kadiri mkono unavyochongoka. Mambo hayo utayapata kwa macho na penseli, na hakuna modeli ya kupakua itakayokupa.

Ukirudi nyumbani Blender inaweza kulipiza. Vikombe vile vya pweza kwa penseli utavichora kimoja kimoja mpaka umlaani. Kwenye kompyuta unaunda kikombe kimoja, unakirudia kwa amri ya Array huku kila kinachofuata kikipungua kidogo, kisha unaipinda safu nzima ifuate mstari kwa amri ya Curve. Mkono umekwisha, unaunakili mara saba. Kumfanya atembee ndiyo kazi. Mnyama mwenye kiunzi unampa mifupa michache ya kompyuta na anapinda mahali pake, ila pweza hupinda popote, na anayeanza atapoteza usiku mwingi hapo. Kama unataka mnyama wa kwanza wa 3D kutoka baharini, mchague kasa. Gamba la mgongoni la kasa wa kijani lina magamba makubwa 13, matano katikati na manne kila upande. Umbo linalingana kushoto na kulia, kwa hiyo unajenga nusu na kompyuta inaijaza nusu ya pili. Kumbuka tu kasa analindwa na sheria. Mchore akipita. Usimshike, wala usifukue kiota Msimbati eti unatafuta marejeo.

Silikanti yuko katikati ya makundi yote mawili. Samaki huyu alijulikana kwa visukuku tu, ikidhaniwa ametoweka pamoja na dinosaria miaka milioni 66 iliyopita, hadi mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2003 mmoja akanaswa Songo Mnara, Kilwa, ndani ya mkoa wetu wa Lindi. Mapezi yake yana shina la nyama kama kiwiko cha mkono, na anayapeleka kwa zamu, la kulia mbele, la kushoto nyuma. Anaishi kwenye kina ambacho mimi na wewe hatutafika na miwani ya kuzamia, kwa hiyo wote tunamchora kwa video za wapiga mbizi. Kwake ningesema 2D, yaani mchoro bapa: madoa meupe kwenye mwili wa buluu ndiyo uzuri wake, na rangi ni rahisi zaidi kuzipata kwa brashi kuliko kuzifunga kwenye modeli. Lakini mtu anayetaka kuonyesha ile zamu ya mapezi atahitaji 3D, hilo sibishi.

Kuchora kwenye simu na kishikwambi

Hii ni njia ya tatu, na wengi huidhani ni nusu ya safari kwenda 3D. Si hivyo. Ni karatasi ile ile iliyopata tabaka na kitufe cha kurudi nyuma. Usichokijua kuhusu mnyama bado unaweza kukificha. Faida yake ni rangi, usafi wa kazi, na kutuma kwa WhatsApp bila kupiga picha ya karatasi yenye kivuli cha kidole.

Kwa simu, ibisPaint ni ya bure ukivumilia matangazo. Kwa kompyuta, Krita ni ya bure kabisa na inafanya kazi bila intaneti. Ukiwa na kibao cha kuchorea, vingi vya Huion na XP-Pen vinaungwa hata na simu ya Android kwa waya wa OTG (kiunganishi cha USB cha simu), kwa hiyo yule kijana wa Mikindani hana haja ya kununua kompyuta ndiyo aanze. Kuchora mnyama kwa kidole kitupu kwenye skrini ndogo, sikushauri. Macho na midomo hutoka kama vya katuni hata usipotaka.

Modeli za kupiga picha

Unaweza pia kupiga picha nyingi za kitu kukizunguka, kisha programu ikakijenga kwa 3D. Kwa fuvu la mbuzi kutoka buchani, lililochemshwa na kukauka vizuri, inapendeza sana: liweke kivulini penye mwanga sawa, lizunguke kwa picha za karibu karibu, kila picha iingiliane na iliyotangulia. Kwa samaki mbichi anayeng'aa inashindwa, kwa mnyama anayepumua inashindwa zaidi. Meshroom ni ya bure lakini kazi yake nzito inataka kadi ya NVIDIA. Programu za simu nyingi hupeleka picha mtandaoni zikachakatwe huko, na hapo bando lako linaisha kabla ya fuvu.

Mashine, umeme na bando

Blender ni bure, na imekuwa huria tangu 2002. Baada ya kupakuliwa haidai intaneti wala malipo ya mwezi, na kwa mtu wa huku hiyo ni hoja kubwa kuliko sifa zake zote nyingine. Kuipakua ni zaidi ya MB 300, subiri bando la usiku. Matoleo ya sasa yanataka RAM isiyopungua GB 8 na kadi ya michoro isiyo ya kale. Ukiwa na kompyuta ya mtumba iliyochoka, usilazimishe toleo jipya likuumize roho. Toleo la 2.79 la mwaka 2017 bado linapakuliwa kwenye hifadhi yao na linabeba mashine za zamani vizuri, ila mafunzo mengi ya sasa hayatafanana na unachokiona kwenye skrini. ZBrush, ambayo wachongaji wakubwa wa sinema huitumia, inalipiwa kwa usajili, na kwa anayeanza sioni sababu.

Penseli haikatiki umeme. Nalisema kwa utani, lakini mwenye kazi ya kukabidhi kesho asubuhi na Luku imekata halichukulii kama utani. Hifadhi kazi yako kila baada ya muda mfupi, na ukiwa na betri mbovu, kila baada ya muda mfupi zaidi.

Mchonga vinyago

Huyu nampa jibu lake peke yake. Wengine wote wanaoanza 3D hupata shida ya kuufikiria mgongo wa mnyama wakati wanautazama uso, naye hilo alishalivuka siku nyingi kwenye mpingo. Kwa hiyo asipite njia ya kuunganisha poligoni (vipande bapa vinavyounda umbo) moja moja. Aingie moja kwa moja kwenye uchongaji wa kidijitali: bonge la udongo wa kompyuta, brashi ya kuongeza, brashi ya kupunguza, brashi ya kulainisha. Ajaribu kwanza SculptGL, inayofunguka kwenye kivinjari bila malipo. Ikimnogea na ana kishikwambi chenye kalamu, Nomad Sculpt inanunuliwa mara moja tu.

Kitakachomsumbua mwanzoni ni kwamba mbao haimjibu. Tezo ikigonga mpingo unasikia mkono mzima, kalamu kwenye kioo haina uzito, na watu wenye mkono mzuri huchonga kwa nguvu kupita kiasi wiki za mwanzo. Jambo lingine ni kitufe cha ulinganifu, kinachofanya kushoto kufuate kulia. Kinaharakisha kazi, lakini akikiacha hadi mwisho tembo wake atasimama kama sanamu ya nembo. Akizime mapema, amsogeze mguu mmoja, ampindishe shingo kidogo.

Kuhusu wanyama waliotoweka, mchonga ana hatari yake: amezoea kuitii mbao na kumwacha mnyama aende mbao inakotaka. Kwenye shetani wa Kimakonde hiyo ndiyo sanaa yenyewe. Kwa Kentrosaurus aitii mifupa.

Pesa

Nitakuwa mkavu hapa. Kazi za Lindi na Mtwara zinazolipa papo hapo ni za kuchora: kuta za chekechea, fulana, mabango ya wageni, vitabu vya kazi za watoto. Modeli za 3D soko lake liko mtandaoni, unashindana na dunia nzima, na malipo huchelewa. Mwenye njaa ya mwezi huu aboreshe mkono kwenye rangi na ukuta, 3D aiweke jioni. Mwenye mshahara, kama mwalimu wetu, anaweza kujiingiza kwenye modeli bila presha. Na mteja wa ukuta atakwambia anataka mjusi wa sinema, anayenguruma na kutoa meno. Giraffatitan alikula majani. Mweleze mara moja kwa upole, akikataa mchoree tembo.

Kuviunganisha

Njia ninayoipenda kwa wanyama wa Tendaguru ni kuchora kiunzi kwanza kwa penseli, ubavuni na kwa mbele, kwa skeli moja, kisha kukiingiza Blender kama picha ya nyuma na kujenga juu yake. Penseli inakulazimisha ufuate kila mfupa kwa macho, kisha Blender inakuuliza upana ulioukwepa. Mambo mawili huharibu kazi hii. La kwanza ni picha ya kiunzi iliyopigwa karibu kwa simu: kilicho karibu na kamera kinavimba, kichwa kinakuwa kikubwa kuliko haki yake, nawe unajenga mnyama wa kamera. Tafuta picha iliyopigwa kwa mbali au mchoro wa kitaalamu. Na ndani ya Blender kwenyewe, kabla hujaanza kufuata mistari, bonyeza 5 upande wa namba wa kibodi ili mtazamo usiwe na umbali wala ukaribu. Wengi huruka hatua hiyo halafu wanashangaa miguu ya nyuma kutolingana na mchoro.

La pili ni skana. Ukipeleka mchoro wako steshenari, omba nukta 300 kwa inchi, na mwambie kijana wa mashine asijaze ukurasa wala kupunguza. Mashine nyingi zimewekwa kujaza karatasi zenyewe, na zikifanya hivyo 1:50 yako haipo tena. Chora mstari wa sentimita 10 pembeni mwa mnyama kabla ya kuskani. Ukifungua picha kwenye kompyuta, pima mstari huo kwanza.